Wifi aliwashia mkaa Krismasi ya wanangu, sasa gauni lake la sendofu liko mikononi mwangu

Admin, naomba jina langu libaki kwako peke yako. Wana ukurasa nawasalimu, na wakubwa zangu shikamooni.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na nne, nimeolewa, nina watoto wawili: binti wa miaka saba na mvulana wa miaka minne. Tunaishi Ilemela, zile nyumba za juu kwenye mawe. Ni fundi cherehani, nina fremu yangu ya kushonea Nyakato. Elimu yangu ni kidato cha nne, na tangu shuleni nina tabia ya kuandika kwenye daftari yaliyotokea kila siku, na tarehe yake. Kwa hiyo haya siyabahatishi, nayasoma.

Krismasi ya mwaka juzi tulisherehekea kama wengine, maputo mpaka mlangoni, sahani na vikombe vya plastiki vya kutupa. Kesho yake nikawapeleka watoto ufukweni mwa ziwa. Magugu maji yamejaa takataka za sikukuu. Binti yangu akaokota puto jekundu akaniuliza, "Mama, hili siyo la kwetu?" Lilikuwa letu. Lilikuwa na utepe nilioufunga mimi mwenyewe. Niliona aibu mbele ya mtoto, na siku hiyo tukakubaliana watatu kwamba Krismasi ijayo hatutaleta nyumbani kitu ambacho kitaishia ziwani.

Krismasi iliyopita tukatimiza. Mwezi mzima wa Desemba, nikifunga kazi narudi na mabaki ya vitambaa, binti anakata nyota, mimi nazishona. Tulipata nyota thelathini na mbili. Mti wetu ulikuwa tawi la mwarobaini lililoangushwa na upepo, tukalisimamisha kwenye ndoo ya mchanga. Mvulana yeye alitengeneza Mtoto Yesu. Alichukua gunzi la mahindi, akalivingirisha kitenge, akalilaza kwenye kikapu chenye majani makavu. Kila jioni alikuwa analifunika lisipate baridi.

Wifi yangu, mdogo wake mume wangu, alikuja mkesha kusaidia mapishi. Alipouona mti akacheka mpaka akashika ukuta. "Wifi jamani, hii Krismasi au umefungua dampo? Kaka yangu amefilisika hatujaambiwa?" Nikamweleza kwa upole kwamba ni kazi ya watoto na wanaipenda. Akasema, "Haya."

Asubuhi tukaenda ibada, yeye akabaki jikoni. Tuliporudi, sebuleni kulikuwa na mti wa plastiki unaowaka taa na maputo kila kona. Ndoo ya mchanga ilikuwa nje. Mvulana akazunguka chumba kizima, akarudi kwangu. "Mama, Mtoto Yesu wangu yuko wapi?"

Wifi akajibu yeye, tena mbele ya wageni, "Ndiye kaivisha pilau, baba. Gunzi kavu linawasha mkaa huyo!"

Watu wakacheka. Nyota zote thelathini na mbili zilikuwa zimeingia motoni, na tawi pia. Wanangu wakasimamishwa kwenye ule mti wa plastiki wanalia, wifi akawarekodi na kuweka kwenye status: "Nimeokoa Krismasi ya watoto wa kaka." Nilipomwambia mume wangu, alisema, "Mke wangu, unakasirikia matambara?"

Tangu siku hiyo binti yangu hajashika mkasi. Nikimpa kitambaa ananiambia, "Hiyo takataka, mama." Na huyo wifi akija kwetu, jina la wanangu ndilo hilo hilo. "Takataka za shangazi hamjambo?" Eti ni utani.

Sasa anaolewa, na kabla ya harusi kuna sendofu ya kumuaga. Mwezi uliopita akaja na kitambaa chake. "Wifi, gauni la sendofu utanishonea wewe. Nikienda kwa fundi mwingine watu watasema hatupendani." Nikapokea kwa mikono miwili. Nilitabasamu jamani, mpaka mashavu yakauma.

Gauni nimeshona. Limembana linavyotakiwa, na kwa macho huwezi kuona kasoro. Lakini kuanzia nyonga hadi chini ya magoti, pande zote mbili, sikupiga cherehani. Nimepiga bandi, ile mishono mirefu ya mkono tunayoshikizia nguo kabla ya kuishona, halafu tunaitoa. Akisimama litakaa. Akitembea taratibu litakaa. Ila kwenye sendofu bibi harusi hupiga magoti kuwalisha keki wakwe zake, na ukumbi mzima unatazama, na kamera ziko karibu. Hapo ndipo litaachia. Kila usiku nalala nikiiona picha hiyo, na nalala vizuri.

Juzi alikuja kujaribu. Wanangu walikuwepo dukani. Nikamwambia asikae, pini zitamchoma. Akajigeuza kwenye kioo, akajipenda, akanisifu, na moyo wangu ukalegea kidogo. Naandika ukweli, nilianza kufikiria kulirudia usiku huo huo. Kisha akageuka. "We takataka, niletee viatu vyangu."

Mwanangu wa miaka minne akainuka. Hakununa, hakulia. Akaitika, "Naam, shangazi," kama mtu aliyeitwa jina lake, akampelekea viatu.

Msiniambie nisamehe, hilo nimeshaambiwa nyumbani. Gauni linachukuliwa Ijumaa, na kulirudia ni kazi ya saa moja tu. Kinachonisumbua ni kwamba wanangu watakuwepo ukumbini, wataona, na siku moja binti yangu atajua mshono ule ni wa nani. Nishaurini ndugu zangu: nikae kwenye cherehani, au nimwache akapige magoti?