Kona ya Shikamoo

Barabara yetu ya mlimani ni fupi kiasi kwamba mgeni akianza kuulizia jina lake, imeshakwisha. Inaachana na njia ya Lindi kule bondeni, upande wa Nyangamara, inapita katikati ya mikorosho, kisha inaupanda mlima kwa hasira. Juu kuna kijiji chetu, na bonde zima liko miguuni pako. Wageni husema ni pazuri. Sisi tuliosukuma malori hatukuwahi kupata nafasi ya kutazama.

Historia yake inategemea unamuuliza nani. Wazee walisema Wajerumani waliichimba, maana yake babu zetu waliichimba na Wajerumani wakasimama kivulini. Baada ya uhuru tukaifyeka kwa kujitolea, na asiyejitolea alifuatwa nyumbani kwake. Likaja soko huria, wafanyabiashara wakapandisha malori ya chumvi na soda na kushusha korosho, na mmoja wao akapanua kona mbaya kuliko zote, akajiona kaijenga barabara nzima. Kwa hiyo kiangazi ilikuwa na baba wengi, masika ikawa yatima.

Kona hiyo tuliiita Kona ya Shikamoo. Upande mmoja mwamba, upande wa pili korongo. Ukifika hapo, hata kijana asiye na adabu anawakumbuka wakubwa zake.

Bibi, mama yake baba, alifariki hospitalini Lindi. Watu wa mjini walishauri tumzike hukohuko mapema, kama dini inavyotaka. Baba alikataa. Alikuwa amemwahidi mama yake kwamba atalala juu, kando ya babu, na akaapa kumfikisha kabla jua halijatua. Akapata lori lililokuwa likipanda na chumvi. Dereva wake, kijana wa kutoka kaskazini, alikuwa amezoea kumpakia bibi na kugombezwa naye njia nzima. Tukaweka jeneza juu ya magunia, nasi tukalizunguka.

Hakuna aliyekumbuka kumweleza dereva habari za watani. Kwetu ukifiwa, watani wana haki ya kukuzibia njia, kukutukana na kumwigiza marehemu, nawe huruhusiwi kununa. Unawatuliza kwa kuku, nao wanakusaidia kuzika. Mtani mkuu wa bibi alikuwa kikongwe wa rika lake, waliyetukanana naye tangu usichana. Siku hiyo alijifunga kanga kama bibi, akapinda mgongo kama bibi, akasimama katikati ya Kona ya Shikamoo, fimbo juu, akamkaripia dereva kwa sauti ileile ya bibi: "We mtoto, nani kakufundisha kuendesha hivyo?"

Dereva akageuka nyuma, akaliona jeneza. Akatazama mbele, akamwona bibi. Sijui kama alizima gari au lilizimika lenyewe kwa woga. Nilichokiona ni visigino vyake vikiushuka mlima tulioupanda kwa taabu. Tukamwita arudi. Nadhani alisikia marehemu anamwita, maana alizidisha mbio.

Watani walicheka hadi wakakaa chini. Sisi tukatia mawe chini ya magurudumu, tukatazamana: hapakuwa na hata mmoja aliyejua kuendesha. Jua lilikuwa limeshainama. Baba alisimama kaweka mkono juu ya jeneza, macho kwenye jua, na mimi, pamoja na mila zote nilizofundishwa, nikawachukia watani waziwazi.

Kikongwe alimwona baba. Akaunyoosha mgongo, akawaamuru wanawe walishushe jeneza. Wakapanda nalo mlima wakipokezana mabegani, yeye akiwatangulia na kuwatukana kwa uvivu wao, na kila tusi liliwaongezea mwendo. Tukamzika bibi jua likiwa bado juu ya mikorosho.

Wanaume tuliporudi kutoka makaburini, tulimkuta kikongwe ameketi barazani, kanga imemlegea. Baba akampelekea kuku wake. Hakumpokea.

"Sasa mimi nimtukane nani?" akauliza.

Baba akachuchumaa mbele yake. "Nitukane mimi, mama."

Akamtazama kuanzia utosini hadi vidoleni, machozi yakimtiririka. "Wewe? Tusi la mama yako litakupwaya."