Mlango wa Bluu Kwenye Bustani ya Rohero

Miaka ile ya vita, gereji yetu ya Buyenzi ilikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyewahi kuiandika: gari likiingia na matundu, linatoka bila matundu, na katikati hapo hakuna maswali. Mimi nilikuwa fundi wa bodi, tolie kama tulivyosema sote. Nilinyoosha mabati, nikaziba, nikapiga msasa, nikapaka rangi. Mwenye gari alitaka apite kwenye vizuizi vya barabarani bila askari kumuuliza risasi zile zilitoka wapi na zilimtafuta nani. Nami sikuuliza, wala sikuhesabu. Watu walinisifu kwa hilo, nikajiona mwerevu.

Nilikuwa na rafiki wa Kinama, msanii. Alikuja gerejini kuokota vipande vya bati, springi na bomba za moshi, akaviunga vikawa watu na ndege. Mafundi walimtania kwamba hapa mjini ni yeye peke yake anayependa takataka zetu kuliko magari yetu. Hakukasirika. Paa la nyumba yake lilikuwa limeungua, akawa analala sebuleni kwa shangazi yake pamoja na watu wengine saba, vifaa vyake vimo ndani ya gunia chini ya meza. Hakuwa na pa kupigia nyundo. Akigonga mara mbili tu, majirani wanalala chini.

Mtaa wa Rohero kulikuwa na nyumba iliyopokea wasanii, wawili wawili, kwa miezi mitatu. Ukiingia unapewa chumba, chakula na banda la kazi uani. Kiangazi hicho nyumba ilikuwa karibu kufungwa, ndipo kamati yake ikaandaa sherehe ya mchango bustanini: wenye uwezo waje, wale sambusa, waangalie kazi za sanaa, watoe walicho nacho. Iliwekwa Jumamosi mchana, ili kila mtu awahi kwake kabla ya saa ya kutotoka nje. Siku hiyohiyo, kati ya wasanii watano walioalikwa kuonyesha kazi, kamati ingemchagua mmoja aingie kwenye chumba kilichokuwa wazi. Rafiki yangu alikitaka chumba hicho kuliko kitu chochote nilichowahi kumwona akikitaka.

"Miezi tatu tu," aliniambia. "Nilale, niamuke, nigonge."

Kazi za wasanii zingebebwa na pikapu ya gereji, maana wakati wa vikwazo vya uchumi petroli ilitafutwa kwa tochi na sisi tulikuwa nayo kidogo. Yeye aliileta kazi yake Ijumaa, mimi nikiwa msikitini. Niliporudi niliikuta imeegemezwa ukutani katikati ya milango mingine: mlango wa mbele wa teksi, wa bluu, umefungwa kwa shuka jeupe. Nikalifungua shuka. Mlango ulikuwa na matundu.

Niseme nilivyofikiri, hata kama ni aibu. Nilidhani amekosa muda. Nilidhani atabandika ndege wake juu ya mlango huo kulekule Rohero, na kwamba mtu haendi mbele ya wakubwa na bati lililotobolewa, kama asivyokwenda arusini na shati lililochanika. Basi nikamfanyia hisani. Nilitandika shuka lile chini ili mlango usigusane na mafuta, nikachanganya mastiki, nikaziba, nikapiga msasa mpaka kiganja kikapita bila kukwama. Kisha bluu, mara mbili. Ilipofika alasiri ulikuwa unang'aa, na mimi nilifurahi sana.

Jumamosi asubuhi alifika amevaa shati lililopigwa pasi.

"Mulango yangu iko wapi?"

"Ile pale. Nimekutengenezea. Ni zawadi."

Aliusogelea, akapitisha mkono juu ya rangi, polepole, toka juu mpaka chini.

"Matundu iko wapi?"

"Nimeziba yote. Ukipata hata moja, mi naacha kazi."

Hakucheka. Aliokota shuka lenye madoa ya bluu, akalikunja, akakaa juu ya tairi. Mimi nilikuwa nimeshaanza kusema moyoni kwamba fadhila za punda ni mateke. Ndipo akanieleza. Ulikuwa mlango wa teksi ya kaka yake. Kaka alipigwa risasi akiwa kwenye usukani, na sehemu iliyobaki ya teksi ikauzwa vipandevipande. Nilijua kwamba kaka amekufa, nilikwenda kutoa pole, lakini sikuuliza amekufaje. Siku hizo hatukuulizana. Kazi yake ya sanaa ilikuwa hiyo tu: kuusimamisha mlango juani na kutandaza shuka nyuma yake, ili mwanga upite kwenye matundu uangukie kwenye shuka, na jua likisogea, alama nazo zisogee. Hakuongeza kitu, kwa sababu hakuona cha kuongeza.

Nikachukua drili. "Nafungua sasa hivi. Dakika kumi."

"Apana. Utafungua matundu yako. Yake imeisha."

Niliona haya, na mpaka leo sijaona haya namna ile.

"Tupakie," akasema. "Sina ingine."

Bustanini walikuwapo watu wa ofisi na wake zao, mapadri wawili, wageni wachache. Tuliusimamisha mlango kwenye nyasi kavu na shuka nyuma yake. Shuka halikuonyesha kitu, ila kivuli kimoja cha mlango mzima. Bwana mmoja aliniuliza kama gari lenyewe nalo lipo. Nikamjibu halipo. Wengi walipita moja kwa moja kwenda kwenye picha za ziwa na za ng'ombe.

Kila msanii aliitwa aseme juu ya kazi yake. Wengine walisema Kifaransa. Yeye alisema Kiswahili.

"Hii ni mulango ya teksi ya mukubwa wangu. Alifia ndani. Ilikuwa na matundu. Rafiki yangu ni tolie, ameitengeneza muzuri, sasa hakuna mutu anaweza kuona kitu."

Akakaa. Watu waliacha sambusa. Mmoja mmoja wakarudi kwenye mlango, na padri mmoja akaupapasa kwa kiganja, kama mimi nilivyofanya. Mama aliyeongoza kamati alinijia.

"Hili wazo la kuziba, mlilipata pamoja?"

Nilifungua mdomo niseme halikuwa wazo, lilikuwa kosa la mtu wa gereji. Rafiki yangu alikuwa ananitazama. Chumba chake kilikuwa kwenye jibu langu.

"Pamoja," nikasema.

Nyumba haikufungwa, na chumba akapewa yeye. Tulipokuwa tunarudi hakuwa na furaha niliyoitarajia. "Wamenipa chumba sababu ya mulango yako," alisema ndani ya pikapu. "Yangu hawakuiona."

Baada ya wiki mbili aliniita. Chumba kilikuwa safi, kina kitanda, meza na dirisha la kutazama ua. Mlango ulikuwa umeegemezwa ukutani. Nilipopita bandani sikuona hata bati moja lililogongwa. Akanipa chaki.

"Niliangalia hii mulango mwaka muzima. Sasa siwezi kukumbuka. Ilikuwa wapi?"

Nilianza kusema kwamba mimi sihesabu, nikaacha. Nilifumba macho kama ninavyofanya nikitafuta bonde kwenye bati, nikaweka alama. Mbili chini ya dirisha. Moja karibu na kitasa. Tatu kwa mstari, usawa wa mbavu za mtu aliyekaa. Moja chini kabisa, karibu na bawaba. Mkono haukusita hata mara moja. Yeye akaweka kidole juu ya kila alama, na kwenye zile tatu akakaa sana. Alilia. Mimi pia nililia, chaki bado mkononi.

Kesho yake nilipopita nje ya nyumba ile nilisikia nyundo.

Wiki hiyohiyo gari dogo jeupe liliingia gerejini, lina matundu upande mmoja, na mwenyewe akasema maneno ya kawaida, kwamba analitaka kabla ya Ijumaa. Nikachukua kopo la mastiki, nikaanza kulifungua. Kisha nikaliweka chini, nikamuuliza ni nani alikuwa amekaa upande huu.