Sabuni ya Mpofi Ilikuwa na Sura ya Fromaji

Mujukuu wangu anasoma ekonomi huko Goma. Likizo iliyopita alikuja na kazi ya masomo: aeleze viwanda vinasaidia nini uchumi wa inchi. Akaniuliza, kwa sauti ile wanayotumia kwa wazee, kama mimi nilishaona kiwanda na macho yangu. Nikamwambia nilikuwa nayo moja. Akacheka kwa heshima. Ni mutoto mwenye akili kupita watoto wote wa mulima wetu, na sisemi hivyo kwa sababu ni wangu, hata wasio wangu wanasema. Basi nimeandika hii ili akicheka tena, ajue anacheka nini. Mimi nilifika mwaka wa nne wa primere, kisha ng'ombe zikanihitaji.

Tuanze na hizo ng'ombe.

Kwetu Masisi tulikuwa walimaji, watu wa kanisa, watu wa maharagi na viazi. Lakini jirani yetu alikuwa na ng'ombe na fromajeri, nyumba ya kutengeneza fromaji, ile jibini ya maziwa, na mimi nilifanya kazi humo kuanzia ubinti. Maziwa inawekwa mu sufuria kubwa, unatia dawa inayotoka mu tumbo ya mutoto wa ng'ombe, unangoja. Maziwa inajikata. Ile nzito inajitenga, maji inabaki peke yake. Unaokota ile nzito na kitambaa, unaisukuma mu fomu ya mbao, unaweka jiwe juu. Kesho yake unaizamisha mu maji ya chumvi. Maziwa ukiiacha, kesho imeoza. Fromaji inapanda kamyo, inafika Goma, inakaa mezani kwa watu ambao hawajui hata njia ya Masisi. Mimi kwangu kiwanda njo ile: kitu ilikuwa ioze kesho, sasa inasafiri.

Vita ilipokuja, ilikula ng'ombe kwanza, watu nyuma. Siku ng'ombe zilichukuliwa, fromajeri ikalala. Seremala aliyechonga fomu akakaa bure. Mama aliyefua vitambaa akakaa bure. Mwenye kamyo akaanza kubeba wakimbizi, na hao hawalipi kama fromaji. Hakuna mutu aliyempiga risasi yule seremala, lakini alikonda kama mutu amepigwa.

Kisha tukakimbia na sisi. Nilibeba sufuria, mutoto wa mwisho mugongoni, na fomu mbili za fromaji. Bwana yangu akaniangalia.

"Hizo ni za nini? Ng'ombe haiko."

"Nyamaza utembee."

Tulitembea mpaka Mpofi, upande wa Walikale, pale milima inaanza kuisha na miti inakuwa mingi kuliko watu. Mama mumoja mujane, muzaliwa wa pale, alitupa chumba. Alikuwa mutu mufupi, maneno yake pia mafupi. Kando ya nyumba yake kulikuwa na kibanda kizuri chenye nyasi mupya. Nilifikiri ni chetu. Kilikuwa cha mbuzi zake.

Mpofi walikuwa na ngazi, matunda ya mawese, na wamama walikuwa wanakamua mafuta ya mawese ile nyekundu. Mufanyabiashara mumoja wa Butembo, Mukatolika wa kweli, alikuwa anakuja na kamyo, anachukua mafuta, anaacha sabuni na chumvi. Nilishangaa kidogo. Mafuta ya Mpofi inakwenda mujini ikiwa mafuta, inarudi ikiwa sabuni, na ikisharudi haitujue tena. Inataka tuilipe kama mugeni. Nilimwambia mama mwenye nyumba. Akasema, "Njo vile iko." Nikaacha.

Halafu barabara ikakatika. Watu wa bunduki walikuwa mbele, wengine nyuma, na yule mufanyabiashara, tuliyemuita Papa wa Butembo, akabaki kati yetu na kamyo yake, imejaa chumvi. Mara ya mwisho alileta chumvi mingi, sabuni kidogo. Sabuni ikaisha. Watoto wakapata upele. Kanisani watu walianza kukaa mbalimbali, na hakuna mutu aliyewaomba. Na mafuta ikajaa mu mabidoni, hakuna wa kumuuzia, inaanza kunuka.

Masisi nilishaona mama mumoja akipika sabuni na mafuta na soda, siyo ya kunywa, ile kali ya sabuni inayouzwa Goma. Lakini soda Mpofi ilitoka wapi? Sasa siku moja mama mwenye nyumba alikuwa anapika sombe, majani ya muhogo. Kule wana chumvi yao ya zamani. Wanachoma maganda ya ndizi, majivu wanatia mu kitunga yenye majani chini, wanamimina maji juu, inachuruzika pole pole. Maji ile njo wanatia mu sombe ilainike. Niliingiza kidole, ikateleza. Niliijua ile kuteleza, soda pia inateleza hivyo, kisha inakula ngozi.

Nikasema, "Mama, hii maji yako inaweza kupika sabuni."

"Hii ni ya sombe."

"Tukiichemsha ikauke kidogo, ipate nguvu. Yai ikielea juu, imefika."

Aliwaita wamama wengine. Walizungumuza kwa luga yao, wananiangalia. Kisha kila mumoja akaleta bidoni yake. Ilikuwa mafuta ya musimu muzima, yote waliyokuwa nayo. Mama mwenye nyumba akanivuta pembeni.

"Mama wa Masisi, mafuta hii njo dawa na shule ya batoto. Ikiharibika, siwezi kuangalia benzangu mu macho na wewe uko unalala kwangu. Utatafuta fasi ingine."

"Wapi?"

"Sijue. Ingine."

Hakuwa mubaya. Alisema kitu vile kiko. Nyuma yetu kulikuwa na vita, mbele yetu kulikuwa na vita, na kati kulikuwa na chumba chake.

Papa wa Butembo alitupatia pipa lake la mazuti ya kamyo, likakatwa katikati. Tuliliosha na mchanga, lakini nasema ukweli, sabuni ya kwanza ilinukia kamyo. Tukapika. Bwana yangu alipasua kuni, wamama wakapokezana mwiko. Ikawa nzito, rangi ya machungwa, inatokota. Tukaiepua, tukalala. Asubuhi ilikuwa uji. Tukaichemsha tena. Asubuhi ingine ilikuwa uji mwenye kuchoka.

Ilikuwa inasafisha, hiyo siwezi kuikatalia. Lakini uji haifungwi mu kikwembe, kitenge cha mama. Haiendi soko ya Ntoto juu ya kichwa ya mutu. Wamama walikuja kuiangalia mumoja mumoja, kama watu wanaopita mbele ya maiti.

"Mama wa Masisi, tulete vijiko?"

"Acha, pengine iko inangoja sukari."

"Kwao banakunywa maziwa, alifikiri na sabuni banakunywa."

Mama mwenye nyumba alikwenda kufagia kibanda cha mbuzi, kilichokuwa safi. Niliporudi chumbani nikakuta bwana yangu anakunja mukeka.

"Unafanya nini?"

"Naukunja mbele hawajatuambia tutoke. Ni heshima zaidi."

Nilirudi kwa pipa, nikatia kidole, nikaonja. Usiniulize kwa nini nilionja sabuni. Mutu wa fromaji anaonja kitu yote iko mu sufuria. Ilinichoma ulimi. Na nikasema, kwa sauti, mbele ya wote, maneno ambayo Mpofi walinikumbusha mpaka siku niliondoka:

"Inakosa chumvi."

Mama mumoja alicheka mpaka akakaa chini.

Sikuwa na akili ya kizungu ndani ya ile. Fromaji ikikataa kuwa ngumu, kwetu unaizamisha mu chumvi. Mikono yangu ilikuwa inajua kazi moja tu, na ilitaka kuifanya. Nikaenda kwa yule Papa. Alikuwa amekaa kwenye kivuli cha kamyo, anasoma kitabu chake cha sala.

"Papa, naomba chumvi. Beseni nzima."

"Mama, chumvi ni ya kula."

"Najua."

"Sasa unaitia mu sabuni ili nani aikule?"

"Papa, shati yako ya misa iko rangi gani?"

Akaangalia shati yake. Zamani ilikuwa nyeupe.

"Ikipotea hii chumvi," akasema, "bwana yako atakuja kulala mu kamyo kuilinda, mpaka barabara ifunguke."

Nilipeleka habari kwa bwana yangu. Akauliza, "Mu kamyo kuna matela ya kulalia?" Nikamwambia haiko. Akasema basi afazali sabuni ifaulu.

Tuliwasha moto tena. Nikayeyusha chumvi mu maji mpaka ikakataa kuyeyuka, nikamimina mu pipa, nakoroga. Kwanza hakuna kitu. Kisha ile uji ikapasuka. Ikajikata vipande-vipande, kama mutu ameitukana, na maji nyeusi ikaanza kutokea kati.

Wamama wakashika vichwa. "Ameimaliza," mumoja akasema. Mwingine akaanza kuitafuta bidoni yake, sijue alitaka kutia nini ndani. Mama mwenye nyumba alikuja kusimama karibu yangu sana, na nilijua alichokuja kusema.

Lakini mimi ile sura niliijua. Niliiona kila asubuhi ya ubinti wangu. Ile nzito ilikuwa inajitenga, maji inabaki peke yake.

"Lete vitambaa," nikasema.

"Vitambaa vya nini?"

"Mama, lete. Utanifukuza tukimaliza."

Akaleta kikwembe chake mwenyewe, kile cha siku kuu. Sikumuomba kile. Tuliokota ile nzito, tukaikamua, tukaisukuma mu fomu zangu mbili, na kwa ile iliyobaki bwana yangu akakata vitunga vya zamani, tukajaza na humo. Juu ya kila moja tukaweka jiwe. Wamama walisaidia. Mutu akishapoteza kitu, kuweka jiwe juu yake ni kazi kama ingine.

Asubuhi nikageuza fomu ya kwanza, nikaipiga chini na kiganja. Ikatoka nzima. Mviringo, rangi ya njano, na alama za kitambaa pande zote. Nikaigonga na kidole. Ikajibu kama mbao.

Mama mwenye nyumba alikata kipande, akachukua kile kikwembe chake tulichochafua, akaenda mutoni. Tukamungoja. Kurudi, kikwembe kilikuwa kinachuruzika maji na maua yake yote yanaonekana. Akakianika. Wale wengine wakaanza kugombania nani atakata ya kwake mbele.

Tangu pale, mujukuu wangu, uandike vizuri kwa mwalimu wako. Maganda ya ndizi, yaliyokuwa chakula cha mbuzi, yakapata wenye kuyatafuta. Vijana waliokuwa wanazunguka wakingoja vita iwaite, wakapasua kuni. Muzee aliyesuka vitunga, ambaye watu walifikiri alishakufa, akarudi kusuka. Wamama wakabeba sabuni mpaka Ntoto. Huko njiani, kwenye barieri, pale wanafunga njia, mutu wa bunduki aliwanyang'anya sabuni moja, akaangalia ule mviringo, akasema yeye fromaji ya Masisi anaijua tangu mutoto. Akauma. Wamama walisema alitafuna kwa muda, kwa sababu wenzake walikuwa wanamuangalia. Kisha akawaambia wapite. Sabuni ile haikuzuia vita hata saa moja. Lakini watoto walipona upele, na musimu ule shule ya Mpofi haikufunga.

Papa wa Butembo alivaa shati nyeupe kwa misa. Barabara ilipofunguka, alikuja na kamyo kwa wamama kama zamani, akauliza mafuta iko wapi. Wakamuonyesha sabuni. Alizunguka ile sabuni, mikono nyuma, akafungua mulango wa kamyo mwenyewe, akaanza kupanga. Wakati alirudi, alileta soda ya kweli kutoka Goma, na kazi ikawa nyepesi. Lakini sura ya fromaji haikubadilika. Watu wa Ntoto walikataa sabuni yenye pembe.

Lakini hiyo ilikuja nyuma yake. Ile siku ya kikwembe, jioni mawingu yalipanda, na pipa lilikuwa nje. Nilikuwa nimesimama mulangoni, natafuta bashi la plastiki la kulifunika, wakati niliona mama mwenye nyumba anaingia mu kibanda chake kizuri. Akatoa mbuzi moja na kamba. Akatoa ingine. Akazifunga chini ya upenu wa nyumba, mu fasi ya kunyeshewa, na zikaanza kulalamika.

"Ingiza pipa," akasema. "Kesho tunaanza mapema."

Mbuzi zilihama. Mimi nilibaki.