Sisimizi wa Mpapai

Mimi nilisoma mpaka darasa la pili tu, nikatoka nikaenda kukwea minazi, basi mnisamehe nikizunguka. Riziki yangu yote ilikuwa miguuni. Kutoka Msambweni mpaka Diani, mashamba ambayo sasa yamekuwa hoteli na kuta, humo nilikuwa nikiangusha nazi, na nyayo zangu zilikuwa ngumu kama vifuu. Ninaitaja miguu kwa sababu ya chokoleti.

Krismasi si yetu, sisi tuna Idi zetu. Lakini binti yangu anatandika vitanda katika hoteli moja ya Diani, na mwezi wa kumi na mbili wageni huwekewa chokoleti juu ya mito. Wengine hawazili. Zinazobaki yeye huzikusanya akatuletea mfuko mzima, zimevikwa karatasi za dhahabu, zimelainika kwa joto. Nilipoionja ya kwanza, miaka ya nyuma, nilishika ya pili kabla sijaimeza. Halua nimekula, kashata nimekula, miwa ya Ramisi nimeitafuna tangu meno yanaota mpaka yakang'oka. Lakini kitu hiki kiliyeyuka chenyewe, hakikuniomba hata kutafuna. Hapo ndipo nilipopotea.

Na sukari nilikuwa nayo tayari, ile ya ugonjwa. Kidole kimoja kilikuwa kimeshakatwa. Mwaka jana kabla ya sikukuu daktari alinitazama unyayo, penye kidonda ambacho mimi hata sikisikii, akasema: "Mzee, rudi mwaka mpya ukiingia. Sukari ikiwa imeshuka, mguu tutautibu. Ikiwa bado iko hivi, tutaukata." Yeye hakuzunguka kama mimi.

Mke wangu hakuamini mashine ya kupimia, wala maneno yangu. Aliwaamini sisimizi. Marehemu baba yangu alikufa kwa ugonjwa huu huu, na kila alipokojoa sisimizi walijaa, watu wakasema karogwa. Kumbe ni sukari inamtoka. Basi mke wangu akaniamuru niende haja ndogo mahali pamoja tu, chini ya mpapai nyuma ya nyumba, na kila asubuhi baada ya sala alikwenda kuinama pale.

"Leo wamekuja wengi, mzee. Umekula nini?"

"Embe moja."

"Embe moja haliiti harusi kama hii."

Nikajaribu kujificha kwenye ua wa jirani. Jirani akaniuliza, mbele ya watu, kama mpapai wangu umekauka.

Mfuko wa chokoleti ulipofika, mke wangu aliufungia sandukuni, ufunguo akaufunga katika pindo la leso. "Mguu ukikatwa, nitakubeba kwa mgongo gani? Huu?" Nikamwapia. Ilikuwa kazi. Kila baada ya adhuhuri mate yalinijaa kinywani kama mtoto anayeota jino. Nikamung'unya ukwaju, nikanywa maji, nikalala ubavu huu nikalala ule. Lakini siku ya sita walibaki sisimizi wawili watatu tu.

"Hawa wamepotea njia," akasema, akacheka. Wallahi, siku ile niliuona mguu wangu unanirudia.

Siku ya saba nilimtangulia, nikaenda kujionea mwenyewe. Chini ya mpapai hapakuwa na kitu. Ila pembeni niliona mstari mrefu wa sisimizi unapita, hata hawasimami kwangu, wanaingia chini ya ua wa makuti, msalani kwa mke wangu. Huko haingii mwingine, binti anaishi Ukunda. Nikachungulia. Sisimizi walikuwa wametanda sakafu nzima.

Nikasikia kandambili zake nyuma yangu.

"Unafanya nini huku?"

"Ninasoma."

"Wewe! Umejua lini kusoma?" Kisha akaona ninapotazama. Kicheko kikamkatika.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu kabla ya mfungo."

"Na chokoleti?"

"Kidogo kidogo. Nikifungua sanduku kutoa leso."

"Mbona hukwenda kwa daktari?"

"Tukiwa wagonjwa wawili, nani atamwinamia mwenzake?"

Sikumfokea. Ningemfokea kwa ulimi gani? Mchana huo aliuleta mfuko barazani mwenyewe, akauweka kati yetu, tukala mpaka ukabaki mfuko mtupu. Ningeweza kuendelea kujizuia, najua, siku zilizobaki hazikuwa nyingi. Lakini mimi nilikuwa nikijizuia kwa sababu palikuwa na mtu mzima wa afya wa kunitazama, na siku hiyo nilijua kwamba hayupo, tumo sote wawili shimoni.

Mwaka mpya ulipoingia mguu waliukata, chini ya goti. Sasa tunakwenda kliniki siku moja, benchi moja, mimi na gongo langu, yeye na macho yake yaliyoanza kuona ukungu.

Na mwezi wa kumi na mbili ndio huu tena. Binti alinipigia simu: "Baba, mwaka huu nisilete?" Nilitaka kusema usilete. Nikasema, "Mletee mama yako, mwanangu, asije akanung'unika." Akaniambia kwamba mama yake naye amesema zije kwa ajili yangu.

Chini ya mpapai hakuna anayeinama siku hizi. Mke wangu huamka kabla yangu, akachota jivu jikoni, akamwaga pangu, akamwaga na pake. Mimi nikitoka na gongo langu ninakuta pameshakuwa peupe, sioni kitu, wala siulizi.