Wanaume Kumi wa Bulor

Ubao mweusi wa sinagogi ya Bukhara umetundikwa karibu na mlango wa jikoni, na kila Jumapili Mwalimu Avner huufuta kwa mkono wa koti lake akaandika shughuli za wiki. Mkewe alikwisha kulipigia kelele lile koti mpaka akachoka. Jumapili ile, Pasaka ikiwa imebakiza wiki mbili na siku kadhaa, aliandika hivi: Jumatatu, wanawake kuchambua mchele. Alhamisi asubuhi, nyama kutoka Samarkand. Alhamisi alasiri, karamu ya siku thelathini ya marehemu Yuno. Ijumaa, samaki. Jumapili ijayo, sufuria zote kuchemshwa uani kwa ajili ya Pasaka.

Bulor aliusoma ubao mara tatu. Ule mstari wa Jumapili ijayo alikuwa ameusubiri kwa wiki saba. Ule wa karamu ya Yuno ulimtia hofu, maana ulitangulia.

Kwa asiyemjua, Bulor ni mjane wa Iliya kinyozi, mwanamke wa miaka sitini na mitatu, mnene, mwenye mikono ya kazi, na ufunguo wa jiko la sinagogi alikuwa ameuvaa shingoni miaka ishirini na sita. Amepikia harusi, tohara na matanga ya mtaa mzima. Miaka ile watu walikuwa wakihama kila mwezi, huyu Israel, yule Amerika, na wakipiga simu kutoka huko jambo la kwanza kuuliza ni kama Bulor bado anapika pilau. Sifa hizo alizijua, na alizipenda kupita kiasi. Nalisema mapema ili msije mkamhurumia kabla ya wakati wake.

Sasa sikilizeni alichofanya.

Mchinjaji wetu wa mwisho alihamia Tel Aviv, na tangu hapo nyama ya kisu chetu, iliyochinjwa kwa sheria yetu, huja kwa treni kutoka Samarkand, mara moja kwa wiki. Wakati wa baridi kali, Bulor aliandaa karamu ya mwaka wa kumi wa mumewe. Nyama ilifika Alhamisi. Akaiosha, akaitia chumvi kutoa damu kama inavyotakiwa, na kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, akaitundika barazani kwenye baridi. Jumapili alfajiri akakuta kamba inaning'inia, na nyayo za mbwa kwenye theluji.

Mtu mwenye akili angefanya nini? Angechemsha mayai na dengu, awaambie wageni kwamba mbwa kala karamu, watu wacheke, wale, waende. Bulor hakutaka kuchekwa. Yeye awape wageni dengu siku ya Iliya? Alikwenda kwa jirani yake Gulchehra, Mwislamu, mama mwema waliyeishi naye ukuta kwa ukuta kwa miaka thelathini. Mkwe wa Gulchehra alikuwa amechinja kondoo jana yake.

"Nyinyi si mna kisu chenu?" Gulchehra aliuliza.

"Ni ya paka wangu, dada."

"Paka wako anamaliza paja zima?"

"Ana njaa."

Gulchehra akamfungia lile paja kwa gazeti. Bulor akaenda nalo jikoni, akaliosha, akalitia chumvi saa nzima, akijua fika kwamba chumvi haibadilishi kisu. Akalipika kwenye sufuria kubwa ya shaba, ile ya sinagogi. Watu wakala, wakasifu, wakalamba vidole.

Aliyekula kuliko wote ni mzee Yuno. Na Yuno ndiye aliyekaa miaka minne vitani, kijana mdogo, akila mkate na vitunguu tu, akiwagawia wenzake nyama yake ya kopo kwa sababu hakujua ilichinjwa na nani. Watu wa Bukhara huwasimulia watoto wao habari hiyo. Siku ile alikula sahani mbili, akafuta ndevu, akasema, "Bulor, Iliya huko aliko anameza mate." Baada ya wiki tatu na ushei akafariki kitandani mwake, usingizini, kwa uzee. Nyama haikumuua, tusiseme uongo. Lakini hakuwahi tena kula katika nyumba ile ya Mungu. Chakula chake cha mwisho pale kilikuwa kile.

Tangu siku hiyo Bulor hakuigusa sufuria kubwa. Alijipa hesabu yake: Pasaka ikifika sufuria zote zitachemshwa, unajisi utatoka, hakuna atakayejua. Mpaka hapo, kila shughuli alipika samaki na mayai kwenye kikaango chake kipya. Walipomuuliza, alisema daktari kakataza mafuta. Walipozidi, akasema sufuria ina ufa.

Jumatatu wanawake walikaa mezani kuchambua mchele wa Pasaka, punje kwa punje, mara tatu, isije ikapita ngano hata moja, iliyokatazwa siku hizo. Mazol, ambaye ulimi wake haujawahi kupumzika tangu azaliwe, alisukuma kirundo chake kando.

"Mie nikila yai jingine nitataga," alisema. "Bulor, shoga yangu, hiyo sufuria ina ufa au wewe ndiye mwenye ufa?"

Wanawake wakacheka. Bulor akacheka nao, akiinamia mchele. Wote wanahangaika na punje moja ya ngano, naye amewalisha paja zima la kondoo. Aliona aibu mpaka masikio yakamuwaka.

Hapo ndipo Amnun alipoingia. Amnun ni mtoto wa marehemu Yuno, tena ni fundi wa vyombo vya shaba, duka lake liko nyuma ya soko. Alikuwa amebeba nyundo na risasi ya kuzibia.

"Shangazi Bulor, Alhamisi ni siku thelathini za baba. Nataka watu wale pilau, ile aliyoipenda. Leta sufuria niizibe."

"Usijisumbue, mwanangu. Nitawapikia samaki mzuri."

"Baba hakuwa paka. Iko wapi?"

Mazol mwenyewe ndiye aliyeiburuta kutoka uvunguni. Amnun akaipindua juani, akaigonga pande zote, akaweka sikio. Ililia safi. Akaigonga tena.

"Shangazi, ufa uko wapi?"

Bulor akavua aproni na kutoka, akawaacha wamesimama wanatazamana.

Alimkuta Mwalimu Avner anafuta vumbi vitabu. Alimweleza yote bila kupumzika, mbwa, paja, paka asiyekuwepo, sufuria. Avner alikaa chini. Bulor akakumbuka kwamba hata mwalimu siku ile aliongeza sahani.

"Na mimi nilikula," alisema Avner.

"Najua."

"Sufuria ni jambo dogo. Tutazichemsha hata kabla ya Jumapili. Waliokula bila kujua hawana dhambi, dhambi ni yako. Wao utawaomba radhi mmoja mmoja."

"Na Yuno?"

Avner alivua miwani. "Mtu uliyemkosea akifa kabla hujamwomba radhi, unakwenda kaburini kwake na wanaume kumi. Unasema mbele yao umemkosea nini. Wao ndio wanajibu kwa niaba yake."

"Mwalimu, wanaume kumi Bukhara hii ni hawa hawa."

"Ndiyo hawa hawa."

"Na Amnun ndani yake."

"Bila Amnun ni tisa."

"Hakuna njia nyingine?"

"Ipo. Ukae kimya kama ulivyokaa."

Bulor alilia pale kwenye benchi, kilio cha hasira zaidi kuliko huzuni, hasira juu ya nafsi yake, juu ya mbwa, hata juu ya Iliya aliyekufa majira ya baridi. Kisha akapangusa uso, akasema, "Andika."

Avner akaongeza mstari ubaoni: Jumatano baada ya sala ya asubuhi, makaburini, wanaume kumi, shughuli ya Bulor.

Na sisi tulivyo, tukausoma ubao kwa kichwa chetu. Siku zile mtu wa kwetu akiita watu makaburini bila kuwepo msiba, basi anahama. Anakwenda kuwaaga wafu wake kabla ya kupanda ndege. Kufika jioni mtaa ulikuwa umekwisha kubali kwamba Bulor anakwenda Amerika kwa binti yake, ndiyo maana hata pilau alikuwa hapiki tena.

Jumanne hawakumpa nafasi ya kupumua. Huyu analeta jamu ya matunda, yule barua ya kumpelekea dada yake. Ndugu wawili Borukhov walikuja na mkate wa safari. Kila alipoanza kusema siendi popote, wakamkatiza kwa machozi. Mazol akaja mwisho, ameshika shali yake ya hariri, ile aliyoolewa nayo.

"Hata kuniaga hukuniaga," alisema. "Miaka arobaini nakutania, na wewe unaondoka kama mwizi."

"Mazol, siondoki."

"Nyamaza. Vaa hii ukifika huko, waone umetoka kwa watu."

Akamfunga shali mabegani, akamkumbatia, akaondoka mbio asionekane akilia. Bulor alikaa katikati ya zawadi zile akajiona mwizi kwelikweli. Mapenzi yote yale alikuwa anapewa kwa makosa, na kesho angewalipa kwa habari ya paja la kondoo.

Jumatano wanaume kumi walitembea mpaka makaburini, kofia kichwani, wakizungumza taratibu kama watu wanaosindikiza msafiri. Mazol na wanawake wengine walibaki getini. Wanaume wakaelekea moja kwa moja kwenye kaburi la Iliya. Bulor hakusimama hapo. Aliendelea mpaka kwenye udongo mpya wa Yuno, na wale wanaume wakamfuata bila kuelewa.

Akavua viatu, akasimama kwa soksi kwenye udongo baridi.

"Nimemkosea Mungu wa Israeli," alisema kama Avner alivyomfundisha, "na nimemkosea Yuno mwana wa Simkho aliyelala hapa." Kuanzia hapo maneno hayakuwa ya kufundishwa. "Siku ya karamu ya mume wangu nyama yetu iliibwa na mbwa. Nikapika nyama isiyo ya kisu chetu, kwa sababu sikutaka mnicheke. Nyote mlikula. Yuno alikula sahani mbili, mimi ndiye niliyempakulia ya pili. Siendi Amerika. Zawadi zenu nitazirudisha."

Mmoja wa wale ndugu wawili aligeuka pembeni akatema mate. Mwingine alikuwa anamtazama Bulor kana kwamba ndiyo kwanza anamwona.

Mwalimu Avner akaanza, kama desturi ilivyo: "Umesamehewa." Wengine wakaitikia, mmoja huku, mmoja kule, sauti hafifu. Bulor alikuwa anahesabu moyoni. Tisa. Amnun alikuwa ameinamisha kichwa, mikono imekufa pembeni.

"Amnun," Avner alisema kwa upole. "Hulazimishwi. Lakini bila wewe hatujatimia."

Amnun akainua kichwa.

"Siku ile nilimrudisha baba nyumbani nimemshika mkono," alisema. "Njiani akaniambia, Amnun, duniani sasa zimebaki nyumba mbili tu ninamokula bila kuuliza. Yetu, na kwa Bulor."

Bulor aliyapokea maneno yale akiwa amesimama. Laiti angemtukana. Angetema mate kama yule Borukhov, ingekuwa nafuu.

"Umesamehewa," Amnun alisema. Wakalisema mara ya pili wote kumi, na mara ya tatu, kama inavyotakiwa. Amnun alilisema kila mara, bila kumtazama.

Getini Bulor aliwaeleza wanawake, akawaomba radhi mmoja mmoja wote waliokula. Mchana sufuria zilichemshwa uani, siku nne kabla ya tarehe ya ubaoni. Bulor alivua ufunguo shingoni akampa Mazol pamoja na shali. Mazol alichukua shali kimya, jambo ambalo halijawahi kutokea. Ufunguo akaupokea Amnun, aliyekuwa amesimama nyuma yao.

"Kesho utapika wewe," alimwambia Bulor. "Nimekwisha waambia watu kuna pilau. Ila nitakuwepo."

Alhamisi alikuja na kigoda chake, akafungua mlango wa jiko kwa ufunguo ule, akaketi karibu na meko. Nyama ilipoletwa, akaisimamisha kwa mkono.

"Hii imetoka wapi?"

"Samarkand. Kwa treni ya asubuhi. Mwalimu Avner kaipokea mwenyewe."

"Itakaa kwenye chumvi muda gani?"

"Saa nzima. Hii hapa saa yangu."

"Mafuta?"

"Ya pamba. Chupa ilikuwa imefungwa, nimeifungua mbele yako."

Katika miaka ishirini na sita hakuna mtu aliyewahi kumuuliza Bulor swali kama hilo jikoni mwake. Alikata karoti, machozi yamemlengalenga, na hakusingizia vitunguu.

"Uliza na mchele," alisema.

Amnun akauliza na mchele.