Hodi ya Kijitoni

Wiki iliyopita mvua ilinyesha mchana hapa mtaani kwetu Kitaji, vyura wakaanza kulia mtaroni nyuma ya nyumba. Ndugu yangu, nilifunga madirisha yote. Mume wangu alicheka: mama wa watoto watatu anaogopa vyura! Nikamwacha acheke.

Nililelewa na bibi mzaa baba, kijijini kati ya Bunda na Butiama. Kijito chetu kilipita chini ya mashamba, na pande zote mbili palikuwa na matete marefu kuliko mtu, ambayo hakuna aliyethubutu kuyafyeka. Asubuhi tulipokwenda kuchota, bibi alisimama ukingoni akapiga hodi. Vyura walinyamaza wakisikia nyayo, nasi tukasubiri hadi mmoja alie tena. Hapo ndipo ndoo iliingia majini. Tukirudi, tulikunywa uji wa mtama wa moto kwa viazi vitamu vya jana.

Kisha baba mdogo, kitinda mimba wa bibi, akafyeka matete ya upande wetu hadi kwenye maji ili aongeze pamba. Mvua ikashusha udongo wa shamba. Bomba la dawa ya wadudu akaliosha mle mle. Maji yakawa rangi ya chai ya maziwa, na vyura wakanyamaza moja kwa moja. Sijui nikueleze vipi ukimya ule. Jua linawaka, upepo hakuna, bibi anapiga hodi. Kimya. Nilihisi tumesimama mlangoni pa watu waliomo ndani, wanaotusikiliza tu. Niliogopa sana.

"Mama, na ng'ambo nifyeke," baba mdogo alisema. "Pamba inalipaga."

"Mto ukinijibu, fyeka. Usiponijibu, hata tete moja usiguse. Tulikuwaga tunakunywa hapa kabla hujazaliwa wewe."

Bibi akawa anasubiri kila asubuhi, mpaka jua linapanda. Kisha tunakwenda kuchota kwenye chemchemi ya mlimani, mwendo mrefu kwa miguu yake. Mimi nikawa nachelewa shule, na mwalimu wa zamu hakuwa na masihara. Asubuhi moja, alama za fimbo zikiwa bado zinaniwasha, nilijificha nyuma ya kichuguu, nikabana pua, nikalia kama chura. Mara moja tu.

Bibi alishtuka, machozi yakamlengalenga. "Umesikia, mjukuu wangu? Wapo!" Akachota maji kwa kiganja, akanywa. Jioni alimwita baba mdogo, akamwomba radhi mbele yetu sote. Kesho yake panga likaanza kulia ng'ambo.

Siku hizi pale ni korongo la mchanga. Mvua ikinyesha, matope yanapita siku moja, basi. Watoto wa ukoo wetu wanasukuma baiskeli zenye madumu kwenda mbali, na ukiwaambia palikuwa na kijito wanakutazama kama mlevi. Majuto ni mjukuu, walisema wahenga, na mjukuu mwenyewe ndiye mimi.

Bibi alipougua mara ya mwisho, kila aliyekuja kumjulia hali alisimuliwa jinsi mto ulivyomjibu. Akaomba azikwe pale ukingoni, karibu na sauti ile. Nilikuwa nimeshika mkono wake alipokuwa akiomba, na sikusema kitu. Tukamzika pale.