Fundi wa majitaka ya mji ambao haujajengwa

Saa mbili asubuhi, katikati ya shamba la mahindi nje kidogo ya Nangwa, wilayani Hanang, inaonekana miguu miwili yenye gambuti. Mwenye miguu amelala kifudifudi, kichwa na mabega vimezama shimoni. Kila baada ya muda mkono unachomoza na boga.

“Hili la nani?” sauti inauliza kutoka chini.

“La kwangu, baba,” anajibu mama mmoja, akilipokea harakaharaka kabla mwenzake hajadai ni lake.

Mwenye gambuti ni Tadei Akonaay (54), mkulima na fundi uashi. Shimo anamotoa maboga ni chemba ya majitaka, mojawapo ya nyingi zilizopangana chini ya mashamba haya. Majitaka yenyewe hayajawahi kupita humo, kwa sababu mji ambao yangetoka haujajengwa.

Habari ilianza mwaka 1996, siku zile za soko huria, ambapo kila aliyeshuka kwenye gari amevaa miwani alipokelewa kama mwekezaji. Kampuni moja ilikuja na ramani ya mji mzima: hospitali, benki, posta, stendi, hoteli ya ghorofa. Ikaamua kuanzia chini, mabomba kwanza. Tadei aliajiriwa kuchimba, akapanda hadi kuwa msimamizi wa vibarua. Mabomba yalipokwisha kufukiwa, fedha nazo zilikuwa zimekwisha. Kampuni ikaaga kwamba inarudi wiki ijayo.

Watu wakarudi kulima, lakini majina ya kwenye ramani yakabaki. Mpaka leo ukipotelewa na mbuzi utaambiwa wameonekana wakikatiza benki.

“Mimi nalima stendi,” anasema jirani yake, Mzee Gidamis, bila hata kutabasamu. “Mwaka jana maharage ya stendi yalikubali kuliko ya hotelini.”

Mkoa wa Manyara ulipoanzishwa mwaka 2002, matumaini yalifufuka kidogo. Makao makuu yakawekwa Babati, na wacheshi wa hapa wakapata la kusema. Mji huu wa kwenye ramani wakaubatiza Ulaya ya Tadei.

Yeye hakujali, au alijifanya hajali. Kila masika yakiisha hufungua mifuniko ya zege, huzoa tope, hufukuza panya na kuziba nyufa kwa saruji aliyonunua mwenyewe. Tangu kampuni iondoke hajalipwa hata senti.

“Babu yangu aliishi nyumba ya kuchimba, chini ya ardhi, yeye na ng'ombe wake. Kwetu kuchimba siyo kazi ya aibu,” anasema. “Halafu hiki nimechimba mwenyewe. Nitakaaje nikiangalia kinajaa udongo?”

Usafi huo ndio uliowavutia majirani. Chemba zina ubaridi, na wezi hawana habari nazo. Taratibu zikageuka stoo za maboga na viazi vya mbegu, naye Tadei akawaachia.

Mwaka huu wa 2006 mambo yamebadilika. Upande wa juu, pale ramani ilipoonyesha hospitali, imejengwa shule ya sekondari ya kata, tena juu ya mwamba. Ukichimba choo, sururu inagonga jiwe kabla shimo halijafika magotini. Bweni la wasichana limekamilika, lakini bila vyoo haliwezi kufunguliwa.

“Wasichana wangu wanatoka mbali, wengine wamepanga vyumba huko mitaani, na silali kwa kuwawaza,” anasema mkuu wa shule, Mwalimu Evelyne, mzaliwa wa Bukoba. “Nikasikia kuna mzee ana mabomba. Nilidhani ni utani.”

Wazazi wameshachimba shimo la kupokea majitaka huko chini, na leo ni siku ya jaribio. Maji yatamwagwa shuleni pamoja na gunzi la hindi. Gunzi likitokea chini, njia ni nzima.

“Shikamoo Mzee Tadei. Uko tayari?”

“Marahaba, Mwalimu. Mimi niko tayari tangu zamani.”

Mapipa yanamiminwa. Huko shimoni watu wamejipanga kama wanasubiri bibi harusi. Maji yanatoka, kwanza ya kahawia, kisha meupe, na makofi yanapigwa. Gunzi halitoki. Wanasubiri. Makofi yanakufa, na Tadei ameshika kiuno, hofu imemjaa usoni.

Anapanda kufuata njia ya bomba, akifungua mfuniko mmoja baada ya mwingine. Kwenye chemba ya stendi analikuta gunzi limenasa ubavuni mwa chungu cha maharage ya mbegu.

“Hiki cha nani?”

Mkewe, Philomena, anasogea mbele. “Cha kwangu.”

“Mama Renatus! Si nimetangaza wiki nzima kila mtu atoe vitu vyake?”

“Nilisikia.”

“Sasa?”

“Nilijua maji hayatafika huku.”

Watu wanacheka, kisha wanamgeukia Tadei.

“Iliniuma,” anakiri baadaye. “Miaka yote ananichemshia chai niende kufungua mifuniko, kumbe ananionea huruma tu.”

Lakini pale kwenye chemba anainama tu. Anakitoa chungu, anamwaga maji yaliyoingia na kumkabidhi mkewe kwa mikono miwili. Gunzi linarudishwa shuleni.

Safari hii Philomena anapiga magoti mdomoni mwa bomba na hakuna anayethubutu kumsogelea. Gunzi linatokea likiruka na maji, analidaka, na vigelegele anavianza yeye.

Mwalimu Evelyne anafuta machozi, anatangaza kwamba bweni litafunguliwa muhula ujao. Tadei anacheka peke yake, anashikwa mikono huku na huku. Ndoto yake sasa, anasema, ni kuona nyumba za kawaida za watu zikijiunga, hata kama benki haitakuja.

“Na sisi je?” anadakia Philomena, kanga imelowa, gunzi bado mkononi. “Bomba linapita hapo nyuma ya jiko langu. Tunaunganishwa lini?”

Tadei anasema ni baada ya mavuno. Philomena anasema ni Jumatatu.